Kuzuru nyumba za kale na makumbusho ya Lamu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali yale yale yanayorudi kila msimu: gatini, uwanja wa Mkunguni, vibarazani, na kwenye simu za jamaa wa Nairobi na Mombasa wanaopanga safari. Tumeanza na mambo ya msingi, kisha yale ya watu wachache. Jambo lililokwisha elezwa mahali hatulirudii. Utaelekezwa jibu lake liliko.

## Kabla ya safari

Lamu kuna makumbusho mangapi?

Ndani ya mji mkongwe yako manne, yote chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya: Makumbusho ya Lamu yanayotazama bahari, Ngome, Nyumba ya Kiswahili iliyojificha katika vichochoro vya Mkomani, na Posta ya Wajerumani. Ukivuka maji kwenda kisiwa cha Manda utakuta magofu ya Takwa.

Mbali na hayo, mji wenyewe uliwekwa chini ya ulinzi wa sheria ya mambo ya kale mwaka 1986, na UNESCO ikautia katika urithi wa dunia mwaka 2001. Kwa hiyo hata ukuta unaouegemea ukinywa kahawa ni mali inayolindwa.

Nitafikaje, na nikishafika nitatembeaje?

Kwa barabara unapita Malindi na Garsen hadi Mokowe, na hapo unapanda boti. Kwa ndege unashuka Manda, na pia unapanda boti. Ukishakanyaga gati la Lamu, miguu ndiyo gari. Mzigo mzito mpe hamali wa mkokoteni au mwenye punda, na mpatane bei kabla hajaunyanyua.

Njia mbili zitakusaidia usipotee: ile ya kandokando ya bahari, na Usita wa Mui, njia kuu inayopita katikati ya mji ikiifuata ile ya pwani. Ukipotea vichochoroni, teremka. Mteremko utakurudisha baharini.

Siku moja inatosha?

Kuyaona makumbusho yote manne, inatosha. Kuyaelewa, hapana. Tungekushauri siku mbili, na mpangilio wake una maana kuliko watu wanavyodhani.

Wageni wengi huanza na Ngome kwa sababu ndiyo inayoonekana. Wakitoka huko wamechoka, na Nyumba ya Kiswahili wanaipitia kwa dakika kumi. Geuza. Anza na Makumbusho ya Lamu asubuhi, ujifunze majina ya vitu. Kisha nenda Nyumba ya Kiswahili ukiwa bado na akili mbichi, ukae humo saa nzima. Ngome iache hadi alasiri, jua likipoa na upepo ukivuma juu ya kuta zake. Posta ya Wajerumani ipitie njiani.

Msimu gani ni mzuri?

Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, hali ni kavu na bahari imetulia, ila joto ni kali. Masika ikishika, vichochoro hugeuka mifereji na boti za kwenda Takwa hupungua. Baada ya mvua, kusi huleta baridi ya kupendeza.

Maulidi ya Mfunguo Sita huujaza mji watu kutoka pwani nzima, na vyumba vya kulala hupatikana kwa shida. Njoo wakati huo kama unataka kuuona mji ukiishi. Kama unataka kusoma vibao vya makumbusho kwa utulivu, chagua mwezi mwingine. Ramadhani nayo ina uzuri wake wa usiku, lakini mchana mikahawa mingi imefungwa na si adabu kula au kunywa njiani.

Kiingilio ni kiasi gani, na nalipaje?

Viwango hutofautiana kwa raia, mkaazi na mgeni wa nje, na kwa mtoto na mtu mzima. Hubadilika, kwa hiyo hatuandiki bei hapa. Zitazame kwenye tovuti ya Makumbusho ya Taifa kabla ya kusafiri. Malipo ya serikali yamehamia eCitizen, kwa hiyo hakikisha simu ina chaji na salio. Raia wa Kenya, beba kitambulisho, la sivyo utakosa bei yako ya raia.

Makumbusho hufunguliwa kila siku, Jumamosi na Jumapili zikiwemo.

Mimi ni mtu wa hapa hapa pwani. Makumbusho si ya watalii?

Swali hili huuma kuliko yote, na tunalisikia kwa watu wa Mpeketoni, Kizingitini, hata Langoni penyewe, hatua chache kutoka mlangoni. Hapana. Vitu vilivyomo ni vya nyanya zako. Mbuzi ya kukunia nazi, mkeka wa kusukwa, kiti cha enzi cha kumkalisha bibi harusi: hivi mgeni anavisoma kwenye kibao, lakini wewe yuko mtu kwenu anayejua vilivyotumika.

Mlete huyo mtu. Ukiweza kuja na mama au bibi aliyezaliwa katika nyumba ya mawe, mshike mkono umtembeze polepole Nyumba ya Kiswahili. Atakachokueleza pale hakimo katika kitabu chochote. Walimu nao waje na wanafunzi. Andika barua mapema ili mpangiwe mtu wa kuwaongoza.

## Makumbusho, moja baada ya jingine

Makumbusho ya Lamu yana nini cha maana?

Jengo ni la ghorofa, lenye baraza pana linaloangalia bahari, na wakati wa ukoloni lilikaliwa na wakuu wa utawala wa Kiingereza. Ndani utaona mapambo ya wanawake, milango, samani, ngoma, na vitu vya majirani wa bara kama Waorma, Wapokomo na Waboni. Watu husahau kwamba Lamu haikuwahi kuishi peke yake.

Simama mbele ya siwa, pembe kubwa ya kupulizwa. Ziko mbili zinazotajwa pamoja: ya Pate, kisiwa jirani, ya pembe ya ndovu, yenye urefu unaozidi mita mbili, na ya Lamu, ya shaba. Siwa haikupulizwa ovyo. Ilitolewa katika kutawazwa na katika harusi za wakubwa, na kwa idhini ya koo zilizoimiliki. Mtu asiyekuwa na haki hakuisogelea.

Kisha tafuta kielelezo cha mtepe. Hiki ni chombo kilichoshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, bila msumari hata mmoja, na tanga lake lilikuwa la mkeka. Mtoto akiuliza vipi chombo kilichoshonwa hakizami, mwache akitazame mpaka aridhike.

Ngome ilijengwa na nani, na kwa nini imekaa ndani ya mji badala ya ufukweni?

Ujenzi wake unahesabiwa kuanzia 1813 hadi 1821. Kabla yake palikuwa na vita vya Shela, watu wa Pate na Wamazrui, watawala wa Mombasa, walipokuja kuishika Lamu. Walishuka ufukweni Shela wakashindwa, na maji yalipokupwa vyombo vyao vilikwama mchangani. Lamu ilishinda, lakini ikajua watarudi. Ikamwita Seyyid Said wa Oman, naye akaleta ulinzi wake na ngome ikamalizwa. Usalama ulipatikana, na utawala wa wengine ukaingia kwa mlango huo huo.

Zamani bahari ilikuwa karibu zaidi na mlango wa Ngome kuliko leo. Ardhi ya mbele imeongezeka kwa kujazwa.

Kuanzia 1910 hadi 1984 Ngome ilikuwa gereza. Wazee wengi wa Lamu bado wanaikumbuka hivyo, na wako wasiopenda kuingia. Leo ina maktaba, maonyesho, na ua unaofanyiwa mikutano na sherehe. Panda juu. Kutoka pale utaona mapaa ya makuti na ya mabati yanavyopishana, soko likiwa chini yako, na uwanja wa Mkunguni ambako habari zote za mji hupita.

Posta ya Wajerumani? Wajerumani walitafuta nini Lamu?

Walitafuta njia ya kuingia Witu, usultani mdogo wa bara. Ndugu wawili, Clemens na Gustav Denhardt, walipata mkataba na Sultani wa Witu, na mwaka 1885 Ujerumani ikaiweka Witu chini ya ulinzi wake. Barua zikahitaji bandari, na bandari ikawa Lamu. Posta ilifunguliwa tarehe 22 Novemba 1888. Mwaka 1890 Ujerumani ilikubaliana na Uingereza kuiacha Witu, na Machi 1891 posta ikafungwa.

Ni chumba kidogo kwenye Usita wa Mui na hakitakuchukua hata nusu saa. Tunakipenda kwa udogo wake: mataifa makubwa yalipogawana pwani yetu, alama iliyobaki hapa ni dirisha la stempu.

## Kuisoma nyumba ya mawe

Kwa nini nyumba za Lamu zinaonekana kavu kwa nje?

Kwa sababu uzuri wake haukukusudiwa wapita njia. Nyumba ya Lamu imejengwa juu ya stara. Ukuta wa nje ni mnene, madirisha ni machache, na pambo pekee linalokukabili ni mlango. Mali, wanawake, vitabu na kaure vilikuwa ndani. Ukilielewa hili, sehemu zote zilizobaki zitajieleza.

Ndani kuna sehemu gani, na nizitazame kwa utaratibu gani?

Zitazame kama mgeni wa zamani alivyoingizwa: kutoka nje kwenda ndani, bila kuruka.

Unaanza na *daka*, kibaraza cha mlangoni chenye viti vya mawe pande mbili. Mtu wa shughuli ndogo aliishia hapo. Ukipita mlango unaingia *tekani*, ukumbi mdogo unaokulazimisha kupinda kona. Kona hiyo si bahati mbaya. Mlango ukiwa wazi, macho ya njiani yanagonga ukuta.

Kisha mwanga unafunguka: *kiwanda*, ua usio na paa, ambao huleta hewa na mwangaza katika nyumba nzima. Kutoka kiwanda zinafuatana *misana*, vyumba virefu vyembamba vilivyo wazi upande wa ua. Hapa angalia miguu yako. Kila msana sakafu inapanda kidogo, na kila unavyopanda mwanga unapungua na sauti ya mji inafifia.

Baada ya misana ni *ndani*, chumba cha mama mwenye nyumba. Ukuta wake ndio unaobeba *zidaka*, safu juu ya safu za vijumba vya chokaa vilivyochongwa kwa mkono, ambamo ziliwekwa sahani za kaure na vitu vya thamani. Kaa chini, usisimame. Zidaka zilipangwa kwa jicho la mtu aliyekaa mkekani. Ukikaa, ukuta mzito unaonekana kama una kina na chumba kinapanuka.

Nyuma kabisa ni *nyumba ya kati*. Humo mama alijifungua, na humo maiti aliandaliwa. Mwanzo na mwisho wa maisha viliwekwa mahali pamoja, penye giza na utulivu, mbali na macho. Watoto wakiwa na kelele, hapa waombe wanyamaze.

Mbona vyumba ni vyembamba hivyo?

Ni boriti zilizoamua. Dari hubebwa na miti ya mikoko, nayo mikoko ina urefu wake: ukivuka kiasi cha mita tatu, boriti haitaweza mzigo wa mawe na chokaa ulio juu. Basi fundi alikirefusha chumba, hakukipanua.

Samaki walio ndani ya birika la choo ni pambo?

Wana kazi. Wanakula viluwiluwi vya mbu. Chini ya birika lilizikwa bakuli la kaure, maji yakipungua samaki wakusanyike humo wasife. Mtu akikuambia wazee hawakujua afya, mpeleke akalitazame birika hilo.

Kile chumba kinachokatiza juu ya njia ni nini?

Ni *wikio*. Huunganisha nyumba mbili za jamaa, na wanawake huweza kupita upande wa pili bila kushuka njiani. Desturi ilikuwa baba kumjengea binti yake anapoolewa, mara nyingi juu ya nyumba aliyopo au ubavuni mwake. Ukiona ghorofa iliyoongezwa au wikio, huenda unaiangalia harusi ya binti wa zamani.

Mgeni mwanamume aliyelala alipewa *sabule*, chumba cha juu chenye ngazi yake, asipite katikati ya familia.

Watumwa wanatajwa katika makumbusho haya?

Uliza, na usikubali kupitishwa haraka. Mali iliyojenga nyumba za mawe katika karne ya 18 ilitokana na biashara ya pembe, boriti na nafaka, na mashamba ya bara yalilimwa na watumwa. Hata kazi za ndani ya nyumba zilikuwa juu yao. Utumwa ulikomeshwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907, siku si nyingi zilizopita kwa hesabu ya nyumba hizi.

Ukitaka kuona upande wa pili wa habari hiyo, nenda Langoni kwenye msikiti wa Riyadha. Habib Swaleh, aliyetoka Ngazija katika visiwa vya Komoro, aliwasomesha pale watu ambao mabwana wa zamani hawakuona haja ya kuwasomesha. Zidaka ni nzuri na tunazipenda, lakini aliyechoma ile chokaa naye atajwe.

## Adabu za mjini

Nivae nini?

Funika mabega na magoti, mwanamume na mwanamke. Kanga au kikoi cha kujifunga kinatosha. Nguo za kuogelea ziache ufukweni Shela.

Naweza kubisha hodi katika nyumba yoyote yenye mlango mzuri?

Hapana. Kasoro ile moja ya makumbusho, nyumba hizi ni maskani ya watu, au zimefanywa nyumba za wageni. Nyumba za wageni nyingine hukuruhusu kuangalia ua wao ukiomba vizuri. Kwa nyumba ya familia, pitia kwa mtu anayefahamiana nao. Ukialikwa, piga hodi, ngoja “karibu”, vua viatu, na usivuke msana mpaka uambiwe. Ukumbuke yaliyosemwa hapo juu kuhusu daka: kukaribishwa kibarazani peke yake ni heshima kamili.

Picha?

Majengo, piga. Ndani ya makumbusho, uliza mlangoni. Mtu, muombe kwanza. Mama aliyevaa buibui akikugeuzia uso, amekwisha kukujibu. Kurusha droni kunahitaji kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga, na juu ya nyua za watu ni kuvunja ile stara ambayo kuta zilijengwa kuilinda.

Nichukue mwongozaji?

Kwa makumbusho yenyewe, wafanyakazi wa humo wanatosha, na wengi wao ni wenyeji. Kwa vichochoro, mwongozaji mwenye kitambulisho anafaa sana. Patana bei na muda kabla ya kuondoka, na mwambie unataka nyumba, usije ukamalizia saa zako madukani.

Mzazi wangu hawezi ngazi. Aje?

Aje, lakini ajue hali. Vichochoro vina mawe na vidaraja, ngazi za majengo ni ndefu na hazina lifti, na kiti cha magurudumu kitasumbua. Yapo yanayowezekana: ghorofa ya chini ya Makumbusho ya Lamu, ua wa Ngome, na Posta. Mfikishe kwa boti hadi gati lililo karibu kupunguza mwendo. Punda wakija, mkae ukutani wapite.

## Takwa

Naweza kwenda Takwa saa yoyote?

Saa huwekwa na maji. Boti hupita mkono mwembamba wa bahari katikati ya mikoko, na mkono huo hupitika maji yakijaa tu. Muulize nahodha jana yake, si asubuhi ile ile. Ukichelewa kutoka, maji yatakupwa na utarudi ukikanyaga matope.

Takwa ulikuwa mji wa karne ya 15 hadi ya 17, kisha ukahamwa. Wenyewe walivukia Shela, na watu wa Shela bado huenda kule kuzuru na kuomba mvua. Utaona msikiti wa ijumaa wenye nguzo juu ya ukuta wa kibla, na kaburi la mnara lenye tarehe inayolingana na miaka ya 1681 hadi 1682. Chukua maji ya kunywa na kofia.

Nimeona vigae vya kaure chini. Nichukue kimoja?

Usiguse. Sheria ya makumbusho na turathi ya mwaka 2006 inakataza, na kigae kikitoka mahali kilipolala kinapoteza habari yake. Kipige picha, mwonyeshe mlinzi, kiache.

## Kwa wenye nyumba na vitu vya kale

Nyumba ya ukoo wetu inabomoka plasta. Niipige saruji?

Tafadhali usifanye hivyo. Kuta ni za matumbawe, zina chumvi na zinavuta unyevu. Chokaa huuachia unyevu huo utoke. Saruji huufungia ndani. Baada ya misimu michache ya mvua plasta hudondoka na vipande vya jiwe, na ncha za boriti zilizo ndani ya ukuta huoza bila wewe kujua. Saruji itakupendeza mwaka wa kwanza, na utailipa baadaye.

Kabla ya kuanza kazi yoyote, nenda ofisi ya makumbusho hapa Lamu na ya kaunti. Kwa kuwa mji unalindwa, mabadiliko yanahitaji idhini, na hapo utapata pia majina ya mafundi wanaojua chokaa. Kama huna fedha za kutengeneza yote, tengeneza paa kwanza. Nyumba ya mawe yenye paa zima huweza kusubiri, iliyovuja haisubiri.

Mtu amenitaka nimuuzie mlango wa zamani. Kuna ubaya?

Ubaya upo, na milango mingi ya pwani hii imekwenda hivyo. Usiuze wala usiung'oe kabla ya kuwaona watu wa makumbusho, kwa sababu kuna vitu ambavyo sheria haikuruhusu kuvitoa. Vile vidogo, kama vile sahani, kasha, au mkufu wa bibi, unaweza kuviazimisha au kuviandikisha huku vikibaki vyako.

Kabla ya hapo fanya jambo moja mwenyewe. Kaa na aliye mkubwa nyumbani, umwombe akitaje kila kitu kwa Kiamu, lahaja ya Lamu, nani alikileta na kiliwekwa kidaka gani, na uyaandike vile anavyoyatamka.